Transfoma Huaga Kabla ya Kufa

Ndugu wasikilizaji, wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Wiki hii nataka kuitumia methali hiyo kwa chombo ambacho tunapita chini yake kila siku bila ya kukitupia jicho. Chombo hicho ni transfoma.

Mtaani kwetu ilikuwapo moja, juu ya nguzo mbili, karibu na genge la mama mmoja muuza samaki. Kwa miezi kadhaa ilikuwa ikivuja mafuta, michirizi myeusi ikashuka ubavuni mwake. Jioni, watu walipowasha majiko na pasi, mlio wake ulisikika mpaka barabarani. Tuliona, tukasikia, tukapita. Usiku mmoja ikalipuka. Tulikaa gizani siku 9, na samaki waliomwozea yule mama kwenye friza hakuna aliyemlipa. Mafundi walipopanda juu walikuta mahali pa fyuzi pamefungwa waya mnene wa shaba. Aliyeufunga hajajulikana hadi leo.

Nikajiuliza, je, chombo cha thamani kama hicho hakina mlinzi? Kumbe anaye, tena si mmoja, na historia yao ni ndefu.

Mwaka 1831, huko London, Michael Faraday alizungushia koili mbili za waya kwenye pete ya chuma. Akaona kuwa umeme ukiwashwa au kuzimwa katika koili moja, ya pili hushtuka, ingawa hazigusani. Mwaka 1885, mjini Budapest, wahandisi watatu, Zipernowsky, Bláthy na Déri, wakatengeneza transfoma inayofanana na tunazozijua sasa. Mwaka uliofuata William Stanley akaitumia transfoma kuwasha taa katika mji mdogo wa Great Barrington, Marekani. Tangu hapo umeme ukaweza kusafiri mbali: volti hupandishwa safarini, na ukifika mtaani hushushwa ili uingie majumbani bila ya kuleta maafa.

Maadui wa transfoma ni wawili. Wa kwanza ni hitilafu, kama vile shoti au radi. Wa pili ni mzigo kupita kiasi, na huyu ni mbaya zaidi kwa kuwa anaua polepole. Ndani ya transfoma koili zimevishwa karatasi maalumu, zikalowekwa katika mafuta. Mafuta hayo hupoza joto na kuuzuia umeme usiruke. Mzigo ukizidi, joto hupanda. Wahandisi hukadiria kwamba kila joto linapozidi kiwango chake kwa nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi, umri wa karatasi ile hupungua kwa nusu. Na karatasi iliyoungua hairudi kuwa mpya. Kwa hiyo transfoma iliyozidiwa jana, leo ikaonekana nzima, imekwisha kula sehemu ya maisha yake.

Mlinzi wa kwanza ni fyuzi, ambayo Thomas Edison alikuwa akiitumia tangu miaka ya 1880. Ni kipande cha waya kilichofanywa kinyonge kwa makusudi, ili umeme ukizidi kife chenyewe na vingine vipone. Ndiyo maana anayefunga waya mnene mahali pa fyuzi hajaitengeneza transfoma. Amemfunga mlinzi kamba, akaacha mlango wazi.

Mlinzi wa pili alibuniwa Uingereza mwaka 1904 na Charles Merz na Bernard Price. Kazi yake ni ya kuhesabu, mithili ya mchungaji anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini na wakitoka. Umeme unaoingia ukilinganishwa na unaotoka, kwa uwiano wa koili, hesabu lazima ikubaliane. Isipokubaliana, shida imo ndani, na swichi kubwa hukata mara moja. Price baadaye alihamia Afrika Kusini, akawa mhandisi mkuu wa kampuni iliyopeleka umeme kwenye migodi ya dhahabu.

Mlinzi wa tatu ndiye ninayempenda kuliko wote. Alibuniwa mwaka 1921 na Mjerumani Max Buchholz. Yeye alitambua kwamba hitilafu ndogo ndani ya transfoma huanza kuyachemsha mafuta na kutoa mapovu ya gesi. Akaweka chombo kidogo kwenye bomba linalokwenda kwenye tangi la akiba la mafuta. Gesi ikikusanyika humo kidogo kidogo, kuelea hushuka na kengele hulia. Mafuta yakisukumwa kwa kishindo, umeme hukatwa palepale. Yaani mlinzi huyu husema mara mbili: mara ya kwanza huonya, mara ya pili huhukumu.

Hukumu nayo ina gharama yake. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana nchini Kenya. Transfoma ikajikata. Mitambo mingine ya kituo hicho ikazidiwa na mzigo, nayo ikajikata, na megawati zaidi ya 180 zikapotea. Karibu Kenya nzima ikazimika kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona! Kukata, basi, ni dawa ya mwisho. Dawa ya kwanza ni kuisikia kengele.

Wala tusidhani kwamba wenye mali husikia zaidi yetu. Usiku wa tarehe 20 Machi 2025 transfoma moja iliungua katika kituo cha kupozea umeme cha North Hyde, magharibi mwa London. Uwanja wa ndege wa Heathrow ukafungwa karibu siku nzima iliyofuata, na safari zaidi ya 1,000 zikavurugika. Uchunguzi uliotolewa Julai 2025 ulieleza kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni unyevu uliopenya katika kifaa kinachopitishia umeme mkubwa kuingia kwenye transfoma. Na unyevu huo ulikuwa umeonekana katika vipimo vya mafuta tangu Julai 2018. Wingu lilionekana, mvua ikasubiriwa karibu miaka 7.

Ndugu wasikilizaji, transfoma nyingi za mitaani hazina mlinzi wa Buchholz. Kengele yake ni sisi. Mafuta yanayotiririka ni kengele. Mlio uliobadilika ni kengele. Waya za kujiunganishia kwa siri ni mzigo ambao haukuwamo katika hesabu. Na anayenunua mafuta ya transfoma kwa wezi, yawe ya kukaangia au ya kazi nyingine, ananunua giza la jirani yake.

Ripoti mapema, na ukipuuzwa ripoti tena. Nao wenye dhamana ya umeme wakumbuke kwamba taarifa ya mwananchi ni kipimo kisichowagharimu senti. Yule mama muuza samaki alikuwa wa kwanza kuyaona yale mafuta, kwa kuwa yalimdondokea mezani. Aliwaambia wateja wake, na mimi nilikuwa mmojawao. Nilinunua samaki wangu, nikaenda zangu nyumbani.