Ndoa Mbele ya Ofisa

Nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, niliwausia wanachuo wangu kwamba sheria haisomwi kwa mwaka wake tu. Sharti tuulize ni nani aliyeamka asubuhi ya pili akiwa amepungukiwa na kitu. Kwa jicho hilo napenda tuitazame, ndugu msomaji, njia ambayo baadhi ya vijana wetu wanaipita siku hizi: kuomba kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani daima, kwa sababu ya kuoana na raia wa huko.

Hapo zamani aliyepungukiwa alikuwa Mmarekani mwenyewe. Kwa sheria ya 1907, mwanamke wa huko aliyeolewa na mgeni alivuliwa uraia wake. Ethel Mackenzie, mzaliwa wa California, aliolewa na raia wa Uingereza. Alipokwenda kujiandikisha ili apige kura, alikataliwa kuwa si raia tena. Mwaka 1915 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ilimjibu kwamba aliolewa kwa hiari yake, basi na matokeo yake ayapokee. Sheria hiyo ilianza kulegezwa 1922. Ulipowekwa mgao wa wahamiaji mwaka 1924, mke wa raia aliingia bila kuhesabiwa katika mgao, lakini mume wa raia hakupata usawa kamili mpaka 1952.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, sheria ya Desemba 1945 iliwafungulia mlango wenzi wa askari. Penye mlango hapakosi wa kupenya. Mwaka 1947 watu watatu waliokuwa wamelitumikia jeshi, mwanamume mmoja na wanawake wawili, walikwenda Paris wakafunga ndoa na wakimbizi kwa mpango wa kuwaingiza Marekani tu, kisha kila mmoja ashike njia yake. Kesi ilifika mahakama ya juu, na mwaka 1953 ikaamuliwa kwamba haijalishi kama ndoa zile zilikuwa halali Ufaransa; wahusika hawakukusudia kuishi kama mume na mke. Tangu hapo cheti peke yake hakitoshi. Ofisa anapima nia, jambo ambalo hata mshenga hodari hulibahatisha.

Sheria ya 1986 ilikaza zaidi. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili siku ya kupewa ukaazi, kadi hutolewa kwa masharti, kwa miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho mume na mke huomba pamoja masharti yaondolewe, wakileta mkataba wa pango, hesabu ya benki ya pamoja, vyeti vya watoto, na barua za watu wanaowafahamu. Dawa hiyo ilikuwa kali kuliko ugonjwa, kwa maoni yangu. Saini ya mwenyeji iligeuka rungu mkononi mwa mume mkorofi: nyamaza, au sitii saini. Ilibidi sheria irekebishwe 1990, na tena 1994, ili anayepigwa aweze kuomba peke yake.

Ajabu ni kwamba miaka miwili hiyo hiyo imo katika Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwetu muda huo unawapa ndoa. Kule unawaweka kwenye mizani.

Binti wa mwalimu mmoja niliyemfundisha ameolewa na Mmarekani, nami niliombwa barua ya kutia katika jalada lao. Ofisa hutaka kujua umewaona lini, wapi, wakiishi vipi. Niliyaandika hayo yote, kisha nikaongeza jina la mshenga na siku mahari yalipopokelewa. Binti akaniuliza kwa adabu, “Babu, haya nayo watayasoma?” Nikamwambia yaache yalivyo.

Bado wanangoja. Juni 2024 mahakama ile ile ya juu iliamua, katika kesi ya Sandra Muñoz, ambaye mumewe kutoka El Salvador alinyimwa viza, kwamba raia hana haki ya kikatiba ya kutaka mwenzi wake mgeni aruhusiwe kuingia nchini. Safari hii uraia wa mke haukuguswa.