Alama za robusto ya Cuba anapewa nani?

Niliahidi kwamba nikimaliza kazi ya semina ya historia ya uchumi nitawamegea kidogo yaliyomo, na leo natimiza. Mada yangu ilichekesha darasa zima: siga za Cuba. Sio sigara hizi za kununua moja moja dukani. Siga ni ule msokoto mnene wa majani matupu ya tumbaku, hakuna karatasi wala kichungi, na moshi wake hauvutwi mpaka kifuani. Unazungushwa mdomoni, unaonjwa, unatolewa. Nitangulize kusema mapema: mimi sivuti, na sitaki mtu aanze kuvuta kwa sababu yangu, manake hata moshi usiofika kifuani unaleta saratani ya mdomo na ya koo. Kilichonishangaza ni hawa watu wanaokaa chini saa nzima na siga moja, halafu wanaipa alama kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Nikajiuliza, hizo alama kwa kweli anapewa nani?

Ili nisizame, nilichagua aina moja tu, robusto. Robusto ya Cuba ina vipimo vinavyojulikana: urefu milimita 124, unene 50. Hiyo 50 maana yake ni sehemu 50 za inchi iliyogawanywa mara 64, yaani karibu milimita 20. Kwa kifupi ni nene na fupi. Unene unampa mtengenezaji nafasi ya kuchanganya majani ya aina kadhaa ndani yake, na ufupi unafanya mtu aimalize kwa muda wa saa moja hivi. Zinazotajwa sana ni Partagás Serie D No. 4, Ramón Allones Specially Selected, Hoyo de Monterrey Epicure No. 2, Bolívar Royal Coronas na Cohiba Robustos. Zote umbo lile lile. Ukizivua ile pete ya karatasi yenye jina, kwa macho huwezi kuzitofautisha kirahisi, na ndo maana zinafaa sana kwa kulinganisha.

Mambo ya alama yalishika kasi mwaka 1992, pale Marvin Shanken wa New York alipoanzisha jarida la Cigar Aficionado. Wakachukua mtindo wa alama 100 uliokuwa umeshazoeleka kwenye mvinyo. Wanaangalia vitu vinne: sura na utengenezaji wa siga, ladha, namna inavyovutika na kuungua, halafu jumla ya yote kwa maoni ya mwonjaji. Na wanaonja bila kujua jina. Pete zinavuliwa, kila siga inapewa namba, mwonjaji anabaki na ulimi wake. Hapo ndo anaandika kahawa, kakao, ngozi, mbao za mierezi, pilipili manga, udongo baada ya mvua... orodha inaweza kwenda ukurasa mzima.

Utaratibu mzuri, sibishi. Lakini nilivyozidi kusoma niliona kwamba namba moja inafunika vitu vitatu vyenye historia tofauti: udongo, mikono na jina.

Tuanze na udongo. Jani linalosifiwa kuliko yote linatoka mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa Cuba, hasa ukanda wa Vuelta Abajo kwenye maeneo ya San Luis na San Juan y Martínez. Mmea mmoja unatoa majani ya kazi tofauti. Ya chini yanaitwa volado, mepesi, yanasaidia moto. Ya kati ni seco, yana harufu. Ya juu yaliyopigwa na jua sana ni ligero, makali na mazito kuungua, ndo maana yanawekwa katikati kabisa ya msokoto. Jani la nje, lile la kuvalia, hukuzwa chini ya vitambaa ili jua lisiliumize. Kwa hiyo mtu akiandika "inaanza pole, katikati inapanda nguvu", hiyo sio bahati. Kuna mkulima na mchanganyaji walioipanga.

Na huyo mkulima historia haikumwonea huruma. Mwaka 1717 mfalme wa Hispania alitangaza kwamba tumbaku ya Cuba itanunuliwa na serikali yake tu, kwa bei yake. Wakulima waliasi mwaka huo huo, wakaasi tena 1720, na mwaka 1723 baadhi yao waliuawa kwa ajili ya uasi huo. Ukiritimba ukaja kuondolewa 1817. Miaka 100, jamani! Kabla siga ya Cuba haijawa fahari ya mabwana wa London ilikuwa ugomvi wa bei ya mazao, ugomvi ambao mtoto yeyote wa mkulima hapa chuoni angeuelewa bila mhadhara.

Sasa mikono. Ndani ya viwanda vya Havana wasokotaji walikaa kwa safu, kila mmoja na ubao wake na kisu chake cha duara. Kazi ya kimya, ya kurudia. Mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro, wakaanzisha kitu ambacho mimi binafsi nakipenda kuliko ladha zote za mierezi: msomaji. Mtu mmoja anakaa juu ya jukwaa anasoma kwa sauti wakati wengine wanasokota. Magazeti, riwaya, habari za siasa. Na wafanyakazi wenyewe walimlipa kutoka mifukoni mwao. Mtindo ukahamia haraka kiwanda cha Partagás na vingine. Wakubwa wakaogopa, na mwaka 1866 gavana wa Kihispania akapiga marufuku usomaji viwandani, eti unawachochea. Haukufa. Ulirudi, ukavuka bahari pamoja na wasokotaji waliohamia Florida, na mwaka 2012 Cuba iliutangaza kuwa sehemu ya urithi wa taifa.

Tazama sasa majina ya chapa. Romeo y Julieta ni ya mwaka 1875. Montecristo ni ya 1935, na inasimuliwa kwamba lilichaguliwa kwa sababu riwaya ya Alexandre Dumas ilipendwa sana na wasikilizaji wa viwandani. Watu ambao wengi wao hawakufika mbali shuleni walisikiliza vitabu ambavyo sisi hapa tunavikimbia mpaka wiki ya mtihani.

Mikono inaonekana kwenye alama kwa njia nyingine pia. Siga ikisokotwa vibaya inaziba, moshi haupiti, na hapo hata jani bora la dunia halisaidii. Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika 1991, Cuba ilikosa mbolea na mafuta, mavuno yakashuka. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 fedha za kigeni zikahitajika sana, uzalishaji ukapandishwa kwa kasi, wasokotaji wapya wakaingizwa kwa wingi, na malalamiko ya siga zilizoziba yakajaa kila mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vikaleta mashine za kupima kama hewa inapita. Mtu akiona robusto ya 1999 imepewa alama ya chini anaweza kusema tu "chapa hii imeshuka". Mwanafunzi wa historia ataona pale uchumi wa kisiwa kizima ukihangaika.

Tunakuja kwenye jina, na hapa ndo penye kimbembe. Tarehe 15 Septemba 1960 serikali ya Fidel Castro ilitaifisha viwanda vya siga. Kutaifisha ni neno ambalo waliolelewa kwenye habari za Azimio la Arusha hatuhitaji kamusi yake. Wenye viwanda wakaondoka. Ramón Cifuentes wa Partagás alitoka Cuba mwaka 1961, na baadaye jina la Partagás kwa soko la Marekani likauzwa kwa kampuni ya huko. Matokeo yake kuna Partagás mbili, moja ya Havana na nyingine ya Jamhuri ya Dominika, jina moja, tumbaku tofauti. Februari 1962 Rais Kennedy akasaini vikwazo dhidi ya bidhaa za Cuba. Pierre Salinger, aliyekuwa msemaji wake, alikuja kusimulia kwamba siku moja kabla rais alimwagiza amtafutie siga 1,000 za Petit Upmann. Akapata 1,200, ndipo kalamu ikashika karatasi. Kazi kweli kweli.

Cohiba nayo ina kisa chake. Ilianza 1966 kama siga ya Castro na wageni wa serikali, ndefu na nyembamba. Ikauzwa kwa umma kuanzia 1982, Castro mwenyewe akaacha kuvuta 1985, na ile robusto yake ikaongezwa 1989. Lakini huko Marekani kampuni nyingine ilikuwa imesajili jina hilo hilo tangu 1981. Kesi ilianza 1997, na Desemba 2022 bodi ya alama za biashara ya Marekani iliamua usajili ule ufutwe. Miaka 25 ya mawakili kwa ajili ya neno ambalo asili yake ni la Wataino, wenyeji wa Cuba ambao Wahispania waliwakuta wakivuta majani yaliyoviringwa mwaka 1492!

Kwa hiyo baada ya 1960 udongo ulibaki Cuba, mikono mingi ilibaki na mingine ikaondoka, majina yakagawanyika. Waliohama walibeba ujuzi, na mbegu zenye asili ya Cuba zikaota Nicaragua, Honduras na Dominika. Kuonja bila pete kukaja kuwauliza wote swali moja. Mwaka 2006 Cigar Aficionado iliitangaza Bolívar Royal Coronas, robusto ya Cuba, kuwa siga ya mwaka. Jarida la Kimarekani, siga ambayo Mmarekani hakuruhusiwa kisheria kuinunua. Miaka miwili baadaye, 2008, ushindi ukaenda kwa Casa Magna Colorado Robusto ya Nicaragua, iliyotengenezwa na familia za Plasencia na Quesada, zote zenye mizizi Cuba. Umbo lile lile, ujuzi wa ukoo mmoja, udongo tofauti. Nani ameshinda hapo, Cuba au Nicaragua?

Tuliubishania huu mfano chumbani mpaka tukaamua kujaribu na chai. Pakiti tatu za majani, vikombe vyenye namba, mwenzetu mmoja yuko nje akichanganya. Jamaa yetu anayeapia chai ya kwao tangu mwaka wa kwanza aliipa ya kwao alama ya mwisho, na akaandika "haina mwili". Akakataa matokeo hadi leo. Tulicheka, lakini jambo lenyewe si la mchezo: jina linaonja kabla ya ulimi. Marufuku nayo inaonja. Kwa miaka mingi Mmarekani aliyepata robusto ya Havana kwa siri alikuwa anavuta pamoja na hatari yenyewe, na hilo haliwezi kukosa kuongeza utamu. Mwaka 2016 masharti ya msafiri kubeba siga yalilegezwa, Septemba 2020 yakakazwa tena, na jina likazidi kung'aa.

Msimamo wangu kwenye semina ulikuwa huu, na nausimamia. Alama ya robusto ni ushahidi halali, tena ile ya kuonja bila jina ni bora kuliko maneno ya matangazo. Ila ni ushahidi juu ya siga fulani ya mwaka fulani, sio hukumu juu ya nchi. Chini ya boksi la Cuba kuna maneno "Hecho en Cuba" na "Totalmente a mano", yaani imetengenezwa Cuba, kwa mkono kabisa, na pembeni muhuri wa kificho cha kiwanda na mwezi wa kufungwa. Anayeonja na kuandika alama bila kuandika muhuri ule ametupa nusu ya habari, ni sawa na mimi kuleta nyaraka isiyo na tarehe.

Na kuna kimoja ambacho boksi halisemi kabisa, jina la aliyesokota. Mwaka 2022 bei za Cohiba zilipandishwa sana duniani, na mwaka huo huo, Septemba, kimbunga Ian kikabomoa mabanda ya kukaushia tumbaku huko Pinar del Río. Boksi la robusto 25 za Cohiba sasa linazidi mshahara wa msokotaji wa miezi mingi sana. Alama ikipanda, anayefaidi kwanza ni mwenye pete. Mkulima anajenga banda upya, na msokotaji anaendelea na ubao wake huku msomaji akifungua ukurasa mwingine.

Mwalimu alisema hoja ya bei nimeibana mno, niipanue kabla ya kukusanya kazi ya mwisho. Kwa hiyo wikiendi hii nipo maktaba, ghorofa ya pili, meza ya dirishani. Atakayepita aje na maandazi. Siga hapana.