Siku ya Ishirini na Saba ya Agosti

Walimu wengi wanayo desturi nzuri ya kuwaambia wanafunzi wao, kila asubuhi kabla ya kuanza masomo, jambo moja lililotukia siku kama ile katika miaka iliyopita. Desturi hii huwatia watoto hamu ya habari za kale. Lakini ina hatari yake, maana mtoto akisikia ya kwamba mambo mawili makubwa yalitukia tarehe moja, huuliza mara moja siku ile ina nini ndani yake. Na watu wa pwani hawamsaidii, kwani tangu zamani wanazo siku za heri na siku za nuhusi, na mwenye safari au mwenye arusi humwendea kwanza mwalimu wa falaki. Basi hapa nataka kuichukua siku moja tu, tarehe 27 Agosti, nitazame yaliyotukia ndani yake, na kama yana udugu wo wote.

Kwanza yafaa tukumbuke ya kwamba tarehe ni jina tu ambalo siku imepewa na watu fulani. Mswahili wa pwani huhesabu miezi yake tangu kwisha Ramadhani: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, na kuendelea, na kwa kuwa miezi hiyo huandama mwezi wa mbinguni, kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja katika mwaka wa jua. Tarehe 27 Agosti ya mwaka 1883 iliangukia Mfungo Mosi. Tarehe iyo hiyo ya mwaka 1896 iliangukia Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Mambo tuyaonayo sisi kuwa ya siku moja, katika hesabu ya mzee wa Unguja yako mbali kwa miezi mitano. Tena siku yake haianzi usiku wa manane bali jua likuchwapo, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwake ni ule unaoitangulia Ijumaa.

Wayunani wa Athene nao waliianza siku magharibi, na jambo la kwanza nitakalolitaja ni lao. Mwaka 413 kabla ya kuzaliwa Kristo jeshi kubwa la Athene lilikuwa limeuzingira mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, nalo lilikuwa limekwisha kushindwa. Jemadari Nicias alikubali mwishowe kuondoka kwa siri. Vyombo vilikuwa tayari, na usiku ule mwezi mpevu ukapatwa. Wataalamu wa nyota wamehesabu kurudi nyuma, wakaona ya kuwa ulikuwa usiku wa tarehe 27 Agosti kwa kalenda ya Julius Caesar, ambayo wakati ule haijawekwa bado. Waaguzi walimwambia Nicias angoje siku tisa mara tatu, naye, aliyekuwa mtu wa kushika sana mambo ya namna hiyo, akangoja. Katika kungoja huko adui wakaifunga bandari. Jeshi lilipojaribu kutoka kwa nchi kavu lilivunjwa. Nicias akauawa, na mateka wapatao 7,000 wakatiwa katika machimbo ya mawe, wakafa wengi kwa jua na njaa. Habari hizi ameziandika Thucydides.

Lugha yetu yenyewe yasema mwezi *umepatwa*, neno lile lile tulitumialo kwa mtu aliyefikiwa na msiba. Sioni kosa kulitumia, maana maneno ya watu huishi kuliko itikadi zao. Lakini mwalimu na aeleze darasani ya kuwa kilichoupata mwezi ni kivuli cha dunia, wala si kitu kingine. Kilichowaangamiza watu wa Athene si kivuli, ni kule kungoja.

Jambo la pili halikutoka kwa mwanadamu. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 27 Agosti 1883, kisiwa cha Krakatoa, kilicho katika mlango wa bahari wa Sunda baina ya Java na Sumatra, kilipasuka kwa moto wa chini ya ardhi. Mshindo uliokuwa mkubwa kuliko yote ulitoka saa nne na dakika mbili kwa saa za huko. Sehemu kubwa ya kisiwa ikatoweka, bahari ikainuka kama ukuta, na mahali pengine mawimbi yalipita futi 100. Serikali ya Kiholanzi ilihesabu watu 36,417 waliokufa, wengi wao kwa maji. Katika kisiwa cha Rodrigues, karibu na Mauritius, mbali kwa maili 3,000 hivi, mkuu wa polisi aliandika ya kwamba amesikia kutoka mashariki kama ngurumo za mizinga mikubwa. Kwa miezi mingi baadaye vumbi lililopanda juu liliyafanya machweo kuwa mekundu kupita kiasi katika nchi nyingi za dunia.

Mtu atauliza, na hayo yametuhusu nini sisi? Bahari ya Hindi ni moja. Mlima ule ulitupa baharini mawe mepesi yaliyojaa matundu kama sifongo, ambayo hayazami, nayo yakaelea makundi kwa makundi yakifuata mkondo kuja magharibi. Mwezi wa Julai 1884, miezi kumi na moja baada ya siku ile, wanafunzi wa shule ya Universities' Mission huko Unguja waliokota ufuoni mawe yaeleayo, na pamoja nayo mafuvu na mifupa ya watu, mieupe, isiyo na nyama hata kidogo. Walikuwa watu wa Java au Sumatra, waliovuka bahari yote juu ya mawe ya mlima uliowaua. Nimekuwa nikistaajabu ya kwamba katika vitabu tunavyofundishia jiografia habari ya Krakatoa husomwa kama habari ya mbali sana, na jambo hili halitajwi.

Mwaka ule ule wa 1883 Sayyid Barghash alijenga katika mji wa Unguja jumba la Beit al-Ajaib, kubwa na refu kupita majumba yote ya mwambao. Nalo latuleta kwenye jambo la tatu, ambalo ndilo lililonifanya niichague siku hii.

Tangu mwaka 1890 Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, nao walitaka asitawazwe mtu ila kwa ridhaa yao. Tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki dunia ghafula. Hapo Sayyid Khalid, mwana wa Barghash, akaingia katika jumba la kifalme pamoja na watu wake akajitangaza kuwa Sultani. Alikuwa amejaribu vivyo hivyo mwaka 1893, akashawishika kutoka. Safari hii hakutoka. Waingereza walimtaka Sayyid Hamoud bin Muhammed. Siku mbili zile balozi Basil Cave alipeleka maonyo, na manowari zikakusanyika bandarini hata zikawa tano: St George, Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow, chini ya Admiral Harry Rawson. Tarehe 26 alipewa onyo la mwisho: ashushe bendera na kutoka jumbani kabla ya saa tatu ya asubuhi ya kesho yake. Asubuhi Khalid alijibu ya kwamba hana nia ya kuishusha bendera, wala haamini kwamba watampiga. Cave akajibu ya kuwa hawapendi kupiga, lakini asipotii watapiga.

Saa tatu ikalia. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza.

Jumbani mlikuwamo watu wapatao 2,800: baadhi yao askari, wengine watumishi na watumwa wa jumba, na wengi raia tu waliokwenda kumsaidia. Nyumba zile zilikuwa na mbao na boriti nyingi, hazikuweza kuzuia risasi za manowari; zikashika moto. Marikebu Glasgow, ambayo Barghash aliiagiza Uingereza kwa fahari yake, ilithubutu kuipiga St George kwa mizinga yake midogo. Ikazamishwa pale pale, na milingoti yake ikabaki juu ya maji kwa miaka mingi, wageni wakiingia bandarini wanaiona. Beit al-Hukm liliharibika kabisa. Beit al-Ajaib lilisalimika, na mnara wa saa ukaongezwa mbele yake baadaye. Ndilo jumba ambalo sehemu yake kubwa ilikuja kuanguka tarehe 25 Desemba 2020. Bendera ilipokwisha kuangushwa mizinga ikanyamaza. Wengine wamehesabu dakika 38, wengine 45.

Kwa sababu ya hesabu hiyo vita hivi hutajwa kila mahali kuwa vita vifupi kuliko vyote vya duniani, na husimuliwa kwa kucheka, kama kitendawili cha kuwafurahisha watu barazani. Mimi sipendi kuvifundisha hivyo. Upande wa Khalid waliuawa na kujeruhiwa watu kama 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja katika Thrush, naye akapona. Vita vilikuwa vifupi kwa aliyeshika saa mkononi. Na katika wale 500 walikuwamo watumwa, waliosimama katika mlango wa bwana wao wapende wasipende. Miezi minane haikutimia, mwezi wa Aprili 1897, Sayyid Hamoud, aliyetawazwa alasiri ya siku ile ile, alitoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Amri yenyewe ilikuwa na mapungufu: ilimlazimu mtumwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, na masuria hawakuingizwa mpaka mwaka 1909. Hata hivyo ilikuja. Nao waliokufa mlangoni hawakuiona. Majina yao siyaoni katika kitabu cho chote nilichokisoma.

Khalid mwenyewe alikimbilia nyumba ya balozi wa Wadachi. Waingereza waliweka askari nje wamkamate akikanyaga ardhi ya Unguja. Wadachi wakangoja maji makuu. Tarehe 2 Oktoba bahari ilipojaa hata ukutani mwa ubalozi, mashua ikaletwa, akaingia moja kwa moja bila kukanyaga ardhi, akapelekwa katika manowari Seeadler mpaka Dar es Salaam. Waingereza walimpata mwaka 1916, wakampeleka St Helena na Seychelles. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika ya Mashariki, akafa Mombasa mwaka 1927.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, tarehe 27 Agosti 1928, wajumbe wa mataifa 15 walitia sahihi mjini Paris mapatano ya kuvikataa vita kuwa njia ya kukata mashauri baina ya mataifa. Uingereza ilitia sahihi, na Italia pia. Mwaka 1935 Italia iliingia Ethiopia kwa ndege na gesi ya sumu. Mapatano yale yalikuwa na faida katika sheria, maana kwayo wakuu wa Ujerumani walihukumiwa huko Nuremberg. Lakini wafu wa Ethiopia hayakuwafaa.

Lipo la mwisho, nalo ni la furaha. Mji wa Mombasa alikofia Khalid ulikuwa katika ukanda wa pwani ambao Sultani wa Unguja aliuweka mikononi mwa Waingereza mwaka 1895, ukaunganishwa kabisa na Kenya mwaka 1963. Na tarehe 27 Agosti 2010, siku ya Ijumaa, katika uwanja wa Uhuru Park mjini Nairobi, Rais Mwai Kibaki alitangaza Katiba mpya ya Kenya, ambayo wananchi walikuwa wameikubali kwa kura tarehe 4 ya mwezi ule ule, watu wawili katika kila watatu. Kwa sisi tushughulikao na lugha, ibara ya 7 ndiyo ya kusomwa kwanza. Yasema ya kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na ya kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Tena yaiamuru Serikali kuzikuza na kuzilinda lugha za makabila. Lugha iliyonenwa katika forodha za Lamu na Mombasa, na na mabaharia, na wachukuzi, na watumwa wale wa jumbani, imeandikwa katika sheria iliyo juu ya sheria zote za nchi, na jina lake limetangulia. Mwalimu atakayeisoma Katiba hiyo na wanafunzi asiishie hapo, bali aendelee mpaka ibara ya 259, isemayo kwamba ikitokea tofauti baina ya maandiko ya lugha mbalimbali za Katiba, yatakayofuatwa ni yale ya Kiingereza.