M-Pesa na somo la bahasha

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, nilikuwa nyumbani Kathiani. Nikiwa stejini nikakumbuka bahasha. Nilipokuwa mtoto, baba alifanya kazi Nairobi, na pesa za nyumbani alimpa makanga wa matatu ndani ya bahasha yenye jina la mama. Mama alingoja hadi jioni. Siku nyingine bahasha ilifika nyepesi, siku nyingine haikufika kabisa!

Kisha ikaja M-Pesa, bahasha zikaisha. Wengi hudhani ni kazi ya fundi mmoja hodari mbele ya kompyuta. La hasha. Tuangalie historia.

Wazo lilianzia kwa Nick Hughes wa Vodafone, Uingereza, akisaidiwa na fedha za serikali ya nchi hiyo. Mwaka 2005 Susie Lonie, mtaalamu wa malipo, akatumwa Kenya kulifanyia kazi. Sasa tazama waliokaa pamoja: Safaricom wenye mtandao na maduka, benki ya Commercial Bank of Africa ya kutunza fedha, Faulu Kenya waliojua wakopaji wadogo, na waandika programu wa kampuni ya Sagentia kutoka Uingereza. Benki na kampuni ya simu hazisemi lugha moja, lakini ilibidi zisikilizane.

Oktoba 2005 majaribio yakaanza na mawakala 8 tu na wateja wasiofika 500, katikati ya jiji la Nairobi, Mathare na Thika. Lengo lilikuwa kulipa mikopo ya Faulu kwa simu. Hapo ndipo utamu ulipo. Kwa kuwa timu ilikuwa pale pale na wateja, iliona mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Watu walitumiana pesa wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kabla ya safari na kuzitoa walipofika, kuogopa wezi. Upande wa mikopo nao ulikuwa mgumu, maana hesabu za Faulu hazikuoana kirahisi na mfumo mpya.

Basi wakapunguza. Mikopo ikawekwa kando, na tarehe 6 Machi 2007 Safaricom ikazindua huduma nyepesi: weka, tuma, toa. Kabla ya mwaka kuisha, waliojiandikisha walipita milioni moja.

Sidai kwamba walifuata kitabu chochote. Lakini mwaka 2001 waandika programu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakatoa tamko la mtindo wa Ajaili, na mojawapo ya kanuni zake ni kwamba watu wa biashara na waandika programu wafanye kazi pamoja kila siku. Nilisoma kanuni hiyo chuoni nikaijibu vizuri kwenye mtihani. Kuielewa ni jambo jingine.

Katika kazi yangu ya kwanza tuliunda mfumo wa kupimia maziwa ya wakulima. Tulikuwa waandika programu watupu, ghorofani, miezi saba. Siku ya kwanza karani alifika saa kumi na moja alfajiri, tochi mkononi, foleni ya wakulima mbele yake. Mfumo ukamtaka aingize baruapepe ya kila mkulima! Alirudi kwenye daftari lake, na mfumo ukafa. Karani mmoja katika timu yetu angetuambia siku ya kwanza, na kwa dakika moja.

Huku kwetu Ukambani mbona tulijua zamani? Matuta yanayozuia udongo wa vilima vyetu yalichimbwa na mwethya, vikundi vya majirani, kila mmoja akileta alichonacho. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo ndugu yangu mwandika programu, kabla hujafungua kompyuta kesho, jiulize: katika timu yako, nani amewahi kusimama stejini akingoja bahasha? Kama hayupo, mtafute.

Tuonane wakati mwingine.