Unahama nyumba ya kupanga? Jua jinsi ilani ya mwezi mmoja inavyohesabiwa

WAPANGAJI wengi hupoteza amana zao si kwa kuharibu nyumba, bali kwa kuhama bila kutoa ilani ipasavyo. Wengine huitoa, lakini hukosea kuhesabu siku.

Jambo la kwanza ni kusoma mkataba. Ikiwa umetaja muda wa ilani, muda huo ndio unaofuatwa.

Lakini kuna wale waliopatana kwa mdomo tu, wakalipa kodi na amana, wakakabidhiwa ufunguo. Hao pia wana sheria inayowahusu.

Kwa mujibu wa sehemu ya 57 ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, iwapo muda wa kupanga haukutajwa wala hakuna mapatano kuhusu ilani, upangaji huo huhesabiwa kwa vipindi vya kulipa kodi. Anayelipa kila mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Upande unaotaka kusitisha mapatano, uwe mpangaji au mwenye nyumba, sharti utoe ilani ya mwezi mmoja, nayo imalizike siku ya kulipa kodi.

Hapo ndipo wengi huteleza. Tuseme kodi hulipwa tarehe mosi. Mpangaji akitoa ilani Juni 10, mwezi mmoja utatimia Julai 10, lakini hiyo si siku ya kodi. Ilani yake itamalizika Agosti 1, na kodi ya Julai yote itadaiwa. Lau angeitoa kufikia Mei 31, angekuwa huru Julai 1. Kuchelewa siku 10 kumemgharimu kodi ya mwezi mzima.

Ni vyema ilani iwe ya maandishi, yenye tarehe, nambari ya nyumba na siku ya kuondoka. Mwenye nyumba au wakala wake atie sahihi kwenye nakala utakayohifadhi. Kumwambia mlinzi wa ploti langoni hakutoshi, kwani mzozo ukizuka hutakuwa na ushahidi.

Wapo pia wanaokataa kulipa kodi ya mwezi wa mwisho wakidai amana itafidia. Amana ni dhamana ya uharibifu na madeni. Bila maafikiano, mwenye nyumba anaweza kukuhesabu kuwa mdaiwa, na sheria humruhusu kutumia dalali kukamata mali kwa ajili ya kodi.

Maduka, hoteli na mikahawa huwa na sheria yake, Sura ya 301. Mwenye jengo anayetaka kusitisha upangaji unaolindwa na sheria hiyo hutakiwa kutoa ilani isiyopungua miezi miwili.

Kabla ya kurudisha ufunguo, kagueni nyumba pamoja, mwandike hali yake na kutia sahihi. Lipa bili za maji na umeme, kisha uhifadhi stakabadhi zote hadi amana yako irejeshwe.