Posho au mgao: swali la malipo kutoka Shinkolobwe hadi bitkoin

LIKASI – Vijana wanaotaka "kuchimba" bitkoin kwa kompyuta huulizwa kwanza wachague namna ya kulipwa. Swali hilo familia zilizotoka Shinkolobwe zinalijua tangu zamani: siku shimo lisipotoa kitu, nani anabeba hasara?

Union Minière ilianza kuchimba Shinkolobwe mwaka 1921. Mfanyakazi alipata mshahara uliopangwa, posho ya chakula na nyumba kambini. Jiwe lipatikane au likosekane, posho ilitoka. Lakini faida ikizidi, haikumfikia. Mwaka 1940 mkurugenzi Edgar Sengier alipeleka New York zaidi ya tani 1,200 za mawe ya uranium ya Shinkolobwe. Marekani iliyanunua mwaka 1942, yakaingia katika kazi ya bomu la atomiki. Waliyoyatoa ardhini hawakuwa na sehemu yao. Desemba 1941 wafanyakazi wa Likasi na Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waligoma wakidai nyongeza, maana vita ilikuwa imepandisha bei za vitu. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, makumi wakafa.

Tena, mshahara ni mzuri tu kama mfuko wa mlipaji una kitu. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilifikia kukaa miezi mingi bila kulipa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa malipo ya mara moja.

Shinkolobwe yenyewe ilifungwa mwaka 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachimbaji wa mikono waliingia kutafuta kobalti. Hapo hapakuwa na mshahara, palikuwa na mgao. Ekipi ilichimba, ikauza, ikagawana. Mwenye kukopesha chakula na vifaa alikata chake kwanza, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Wiki nzuri mtu alipata kuliko mshahara wa mwezi. Wiki mbaya alirudi mikono mitupu. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji huo, lakini watu waliendelea. Tarehe 8 Julai sehemu ya mgodi iliporomoka, watu 8 wakafa. Kijiji kikabomolewa na maelfu wakahama. Kwa kuwa walilipwa kwa mgao, hawakuwa na mkataba wa kudai wala pensheni.

Kwa bitkoin, njia ni hizo hizo mbili. Mashine za dunia nzima hushindana kutafuta namba moja, na mshindi hupatikana takriban kila dakika 10. Tangu Aprili 2024 zawadi ni bitkoin 3.125. Mashine moja ikiwa peke yake inaweza kungoja miaka bila kushinda, ndiyo maana wachimbaji huungana kwenye kikundi na kugawana. Kikundi cha kwanza kilianzishwa mwaka 2010 na Marek Palatinus wa Cheki.

Njia ya kwanza ni kama posho: kila kipande cha kazi kina bei yake, kikundi kishinde au kisishinde. Mwenye kikundi anabeba siku mbaya, kwa hiyo hukata ada kubwa zaidi, na akiba yake ikiisha, malipo yanakwama. Njia ya pili ni kama mgao: zawadi ikipatikana, hugawanywa kulingana na kazi ya karibuni. Ada huwa ndogo, lakini siku kavu ni za mchimbaji.

Hapa Congo, Hifadhi ya Virunga ilichanganya yote mawili. Kuanzia Septemba 2020 mashine ziliendeshwa kwa umeme wa maji wa Luviro, Kivu Kaskazini. Katika kontena 10, hifadhi ilimiliki 3 na kuchukua bitkoin zake, bahati nzuri na mbaya. Kontena 7 zilikuwa za Mfaransa Sébastien Gouspillou, naye aliilipa hifadhi umeme.

Mwenye mashine moja na bili ya umeme ya kila mwezi hawezi kuvumilia siku kavu nyingi. Posho inamfaa zaidi. Mwenye akiba anaweza kungoja mgao. Kabla ya kujiunga, wote wawili waulize mambo matatu: ada ni kiasi gani, malipo hutolewa yakifika kiwango gani, na hesabu ya kazi inaonekana wapi. Shinkolobwe, mizani ya mnunuzi haikuwa na wa kuikagua.