Pikapu kushushwa, pikapu kuinuliwa: barabara ndiyo inaamua

MUBAMBIRO – Kwa miaka mingi, pikapu zenye viazi, maharagi na jibini ya Masisi zimekuwa zikipita hapa Mubambiro kuelekea Goma. Nyingi zimeinuliwa nyuma ili zibebe zaidi. Huko Marekani kuna watu wanaolipa fundi afanye kinyume: pikapu ishuke mpaka ikaribie lami. Kazi hizo mbili zina historia tofauti, lakini zina hatari zinazofanana.

Kushusha gari kulienea Los Angeles, kunako jimbo la Kalifornia, kisha Vita ya Pili ya Dunia, hasa kati ya vijana wenye asili ya Meksiko. Mwanzoni waliweka mifuko ya mchanga nyuma ya gari, ama walikata resori ziwe fupi. Serikali ikaingilia: tangu 1958 mpaka mwisho wa 2023, sheria ya Kalifornia ilikataza sehemu ya gari kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959, Ron Aguirre alifunga pampu za mafuta kwenye Corvette yake, akaweza kuishusha na kuiinua alivyotaka. Kisha, wafanyabiashara wakaanza kuuza vifaa kamili vya kushusha hata pikapu.

Huku kwetu historia ilianzia kwenye mawe. Mwaka 1938 volkano Nyamulagira ililipuka, na lava yake ikashuka mpaka Ziwa Kivu, upande wa Sake. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliingia ndani ya muji wa Goma. Kwenye mawe makali, mashimo na matope, gari la chini linapasua karteri ya mafuta. Ndiyo maana dereva wa huku anatafuta urefu.

Siri iko nyuma, pale resori za vyuma bapa zinapofungwa kwenye ekseli. Fundi anaweza kuingiza kipande cha chuma kati ya hizo mbili. Resori ikiwa juu ya ekseli, kipande hicho kinainua gari. Resori ikiwa chini ya ekseli, kipande kile kile kinalishusha. Wengine wanaongeza vyuma kwenye resori, na gari linainuka na kuwa gumu.

Lakini kila upande una deni lake. Gari lililoshushwa linahitaji amortisere fupi, la sivyo zinafika mwisho na kuvunjika. Gari lililoinuliwa linapinduka upesi kwenye kona. Mabulo ya umbo la U lazima yawe na urefu unaofaa, na yakazwe tena kisha siku chache, kwani yakilegea ekseli inahama.

Kuna pia jambo ambalo wengi hawalijui. Pikapu nyingi za Toyota zina kifaa kinachopima umbali kati ya shasi na ekseli, ili kujua uzito wa mzigo na kugawa nguvu za freni. Ukiinua gari bila kukirekebisha, kifaa kinadhani gari ni tupu, hata likiwa na magunia mpaka juu. Freni za nyuma zinapungua nguvu, na gari linatelemka mlima wa Masisi.

Juu ya magunia hayo wanakaa abiria: mama mwenye mtoto, mwanafunzi, muuza jibini. Hawakuulizwa wakati gari lilipoinuliwa. Mwenye gari na fundi wakikubaliana garajini, wawakumbuke hao kwanza.